Pindo la Mkonge: Siku Nne Tongaren



Katika nyumba aliyotulea bibi yetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, palikuwa na mimea minne chini ya ngazi. Mitatu ilikuwa na kazi yake: asumini na rehani kwa harufu, nanaa kwa birika la chai. Wa nne haukuliwa, wala haukunukia isipokuwa siku chache katika mwaka, ulipotoa maua yake membamba meupe wakati wa usiku. Huo ulikuwa mkonge wa mapambo. Majani yake magumu yalisimama wima kama panga, rangi yake kijani kilichokoza chenye mawimbi ya kijivu, na kandokando ya kila jani, kutoka chini hadi nchani, ulipita mstari wa manjano usiozidi upana wa kidole. Bibi aliuita mstari ule pindo, kama pindo la leso. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri alichukua kitambaa kilicholowa maji, akayapangusa majani vumbi moja baada ya jingine, ili Ijumaa iyakute safi.

Vitalu vya mjini huuza mmea huu kwa jina la Kiingereza lenye maana ya mmea wa nyoka. Wataalamu waliuita Sansevieria trifasciata tangu mwaka 1903, kisha mwaka 2017 wakauhamishia katika jamii ya Dracaena. Sisi watu wa Pwani tulikuwa na jina letu kabla ya hayo yote. Ndugu zake wa porini huota wenyewe katika vichaka na miamba ya pwani, na wazee wetu walisokota kamba kwa nyuzi zake. Hao ndio waliokuwa mkonge. Mkonge tunaoujua leo katika mashamba makubwa ya Tanga na Kilifi ni mgeni aliyepewa jina la mwenyeji. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai.

Shangazi yetu alipohamia Tongaren na mumewe, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, bibi aliugawa mkonge wake, akaitia sehemu moja katika kopo la samli na kumkabidhi binti yake siku ya kuondoka. Mume wa shangazi ni mtu wa Bungoma, fundi wa mashine za kusaga nafaka, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa na kusilimu hapa kabla ya ndoa. Baba yake alipozeeka, akarudi kuliangalia shamba, na shangazi akafuatana naye. Tangu hapo mmea ule ukawa na nyumba mbili: moja pwani, na nyingine bara, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyeachiwa mimea yake. Nanaa, rehani na asumini hupenda maji, nami kwa kutojua niliupa mkonge maji kila siku pamoja na wenzake. Masika yale majani yakaanza kulegea kwenye shina, yakatoa harufu ya kuoza, na kila nililoligusa lilinibakia mkononi. Sikuokoa hata moja. Nikampigia simu shangazi, nikamwomba mbegu.

Baada ya wiki mbili mwanawe alipita Mombasa na furushi la magazeti. Ndani yake mlikuwa na majani matano, kila moja na pindo lake, marefu na yenye afya. Niliyapanda kwa uangalifu mkubwa. Ilipotimu miezi minane, vichipukizi vilitokeza ardhini kando ya kila jani, nami nikawaita watu wa nyumbani waje kuona. Vyote vilikuwa kijani kitupu. Tukasema pindo litakuja na umri. Halikuja.

Siku ya Idi, tumekusanyika kwa chakula, mmoja wetu akasema kwamba shangazi alijua vyema majani hayatoi pindo, ndiyo maana akatoa majani akabaki na shina la mama yake. Mwingine akacheka. Mimi ningeweza kumtetea, maana ndiye mimi niliyemwomba na ndiye mimi niliyeua mmea wa kwanza, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kukubali. Maneno yale yakamfikia. Kuanzia hapo simu zake zikawa fupi: salamu, afya za watoto, kwaheri. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili.

Mwezi wa Novemba uliopita nilikwenda katika kitalu kimoja cha miche kununua mkonge mwingine wenye pindo. Nikamsimulia muuzaji habari ya majani yangu matano. Akatabasamu, akaniambia kwamba hakuna jani la mkonge ule litakalozaa mwana mwenye pindo, lipandwe na nani, lipandwe wapi. Mwenye kutaka pindo hana budi kuligawa shina. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu. Nilimweleza baba, ambaye ni kaka wa shangazi, naye akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Shule zikifungwa, nenda Tongaren. Nenda kwa shangazi yako, usiende kwa mkonge.”

Safari ya kutoka bahari hadi Tongaren ni safari ya kupanda. Basi la usiku lilinifikisha Nairobi alfajiri, na jingine likanichukua kupitia Nakuru na Eldoret hadi Kitale, nikafika jua linatua. Nililala Kitale kwa jamaa, na asubuhi nikapanda matatu iliyoshika barabara ya Webuye. Tulipita Kiminini, kisha tukaiacha barabara kuu na kugeukia upande wa mashariki. Nyuma yetu, upande wa magharibi, ulionekana Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaaba, urefu wake mita 4,321. Umelala kwa upana bila ncha kali, na mgeni asiyeambiwa angedhani ni wingu lililokaa chini.

Tongaren ni nchi ya mahindi. Nilifika katika msimu wa mavuno, mabua yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu shambani, na kando ya njia punje zimeanikwa juu ya maturubai, huku watoto wakizilinda na kuku. Mashine za kupukuchua zilinguruma kutoka boma hadi boma. Pikipiki zilipita zimebeba magunia, na dereva haonekani isipokuwa kofia yake. Mashariki na kusini mwa eneo hilo unapita Mto Nzoia, unaokwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Jambo moja nililolisikia kwa kila mzee niliyezungumza naye ni neno Skimu. Wakati wa ukoloni ardhi hii ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960, wakati wa uhuru, serikali iliyanunua mashamba ya namna hii katika nyanda za juu, ikayakata vipande na kuwapa Waafrika kwa mkopo. Hivyo ndivyo familia nyingi zilivyohamia Tongaren, Naitiri na Ndalu. Mkwe wa shangazi alikuwa mmoja wao. Aliyenisimulia ni jirani yao, bibi mzee wa Kibukusu, ambaye alifika akiwa msichana. Alisema kila familia ilikuja na kitu mkononi cha kupandwa: huyu mche wa ndizi, yule marando ya viazi, mwingine mbegu za mtama ndani ya kibuyu. “Hapa hakuna aliyekuta shamba la mama yake,” akasema. “Mama tulimbeba.”

Shangazi alinipokea getini. Amepungua mwili, na macho yake yameanza kufifia, lakini sauti yake ni ile ile ya Mji wa Kale. Alinikumbatia, akaniuliza habari za watu wote kwa majina, mmoja mmoja, akanikalisha barazani na kuniletea uji wa wimbi na mayai. Nilimpa halua, tende, achari ya embe na nazi sita nilizobeba toka sokoni Kongowea. Nazi alizishika moja moja akazitikisa sikioni kusikiliza maji yake. Habari za mkonge hazikutajwa, wala na yeye wala nami. Majirani waliingia kunitazama, wakinisalimu kwa neno lao zuri la amani, “Mulembe,” na shangazi akiwajibu kwa lugha yao kana kwamba alizaliwa nayo.

Usiku ulikuwa wa baridi. Tongaren iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani huijua tofauti hiyo kwa mifupa yake. Alfajiri hapana adhana iliyonifikia kitandani. Shangazi aliniamsha kwa kubisha mlango, na maji ya udhu yalikuwa yamekwisha pashwa moto jikoni. Tuliswali pamoja chumbani, yeye, mimi na wajukuu wake wawili wa kike. Baada ya swala mdogo wao alisoma Suratul-Fatiha kwa matamshi ya bibi yangu kabisa, namna alivyokuwa akiivuta mwishoni. Sikusema kitu, lakini sauti ile ilinifuata siku nzima.

Kulipokucha nikatoka uani, na hapo ndipo nilipoiona. Kutoka getini hadi mlangoni, pande zote mbili za njia, ilisimama mistari ya mikonge ya kijani. Haikuwa kumi wala ishirini. Ilizunguka kisima, ikapita mbele ya ghala la mahindi, ikaenda hadi mpaka wa jirani na kuvuka. Yote ilikuwa na mawimbi ya kijivu ya mkonge wa bibi, na hakuna hata mmoja wenye pindo. Karibu na ukuta, chini ya upenu, mahali pasipofika mvua, palikuwa na chungu kimoja cha udongo, na ndani yake mkonge wa pindo, umesongamana hadi umekipasua chungu ubavuni.

Shangazi alinikuta nimesimama hapo. “Hao wote ni wana wa majani,” akasema. “Kila mwaka mavuno yakiisha huchukua jani moja la mama, nikalikata na kulipanda. Nilisema huenda mwaka huu atazaliwa mwenye pindo. Nikadhani ni ardhi ya huku, ni baridi. Mlipoomba mbegu, nikafurahi sana. Nikasema majani haya yakirudi kwao, yakipata jua la Mombasa, yatavaa pindo lao.”

Ndugu msomaji, tunaisoma Suratul-Hujurat ikituonya juu ya dhana, na tunaisoma tukiwafikiria wengine. Mbele yangu zilikuwa safu za miaka thelathini, ushahidi wa mwanamke aliyejaribu kila mwaka na kushindwa, kisha akatupelekea sisi majani mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo kwa matumaini kwamba kwetu yangefanikiwa. Na sisi tulikaa juu ya sahani za pilau tukamwita mchoyo. Nilimwomba radhi palepale. Nilimweleza maneno ya Idi jinsi yalivyosemwa, na kwamba sikumtetea. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba yaliyomuumiza si maneno ya mwenye kusema, kwa kuwa watu husema. Yaliyomuumiza ni kwamba hakuna aliyempigia simu kumuuliza.

Baada ya hapo nikamweleza nilichojifunza kitaluni na nilichokisoma baadaye. Jani lenye pindo ni mali ya wenye mali wawili. Sehemu ya katikati imejengwa kwa chembe hai zenye rangi ya kijani, ile inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ukingo wa manjano umejengwa kwa chembe zisizoweza kutengeneza rangi hiyo, nazo huishi kwa kulishwa na jirani zake. Kwenye shina lililoko ardhini, kitovu cha ukuaji kina chembe za aina zote mbili, na kila jani jipya linapotoka hujengwa na zote kwa pamoja, kwa hiyo pindo huendelea. Lakini ukikata jani na kulipanda, mwana huanzishwa na chembe za ndani, zile za kijani peke yake. Za ukingoni hazimo katika ujenzi wake. Haidhuru jani lilikuwa na pindo zuri kiasi gani. Jua haliongezi kitu, wala baridi haiondoi kitu.

Shangazi aliketi juu ya kigoda. “Kwa hiyo si Tongaren,” akasema.

“Si Tongaren, shangazi.”

Akarudia mara ya pili, polepole, huku akiwatazama wajukuu wake waliokuwa wakikoroga uji jikoni. Nilifahamu kwamba hakuwa akizungumzia mmea peke yake. Mwanamke aliyeondoka kwao akiwa kijana, akalea watoto saba mahali ambapo adhana haifiki na ambapo lugha ya nyumbani haizungumzwi ila ndani ya nyumba, alikuwa kwa miaka thelathini akitazama njia ya kwake na kuona kila mwaka safu nyingine isiyo na pindo. Alikuwa ameamini kwamba nchi hii inafuta rangi.

Aina hii ya mkonge wenye pindo ilipata jina la laurentii kwa kumkumbuka Émile Laurent, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji aliyeikuta Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo imefika madirishani mwa dunia nzima. Kwa kuwa pindo halipiti kwa jani, karibu kila mkonge wa aina hii tunaouona umetokana na shina lililogawanywa, na shina hilo na jingine lililogawanywa kabla yake. Mahali fulani nyuma ya chungu cha shangazi kuna bibi yangu na kisu, na nyuma ya bibi kuna mwingine aliyempa, ambaye hatumjui.

Siku ya tatu shangazi akaomba kisu. Nilimkataza. Nilimwambia chungu ni kimoja na mmea ni mmoja, na mkono wangu tayari umeua mwenzake. Alinijibu kwamba jani kulitoa ni rahisi, kwa sababu mama halijui pengo lake. Lakini bibi hakumpa yeye jani. Bibi aliukata mmea wake nusu kwa nusu, ukakaa mwaka mzima umeinama upande mmoja, na shangazi alikuwa ameisahau picha hiyo mpaka asubuhi ile.

Kwa ndugu wasomaji watakaotaka kufanya kama tulivyofanya, nitaeleza hatua kwa hatua. Kwanza mmea huachwa bila maji siku kadhaa, udongo ukauke na kuachia kwa urahisi. Tulikivunja chungu, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha pasuka, tukautikisa udongo taratibu. Chini yake yalionekana mashina ya ardhini, manene kama kidole gumba, rangi yake ya machungwa, yakiwa yamezungukana kama watu waliolala chumba kimoja. Kisu tulikiosha kwa maji yaliyochemka. Shangazi alipapasa kwa vidole, maana macho hayamtoshi, akatafuta mahali ambapo shina moja huungana na jingine, akakata mara moja bila kusitasita. Kila kipande kilibaki na majani yasiyopungua matatu na mizizi yake. Tulipata vipande vitatu.

Vipande hivyo hatukuvipanda siku ile. Jeraha la mkonge likiingia udongoni likiwa bichi huoza, kwa hiyo tuliviweka kivulini, juu ya gunia, vikauke hadi kidonda kifunge. Siku mbili au tatu hutosha. Udongo wa kupandia tuliuchanganya hivi: nusu mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo, nusu udongo wa shamba wenye samadi iliyozeeka. Hapa Pwani usichukue mchanga wa ufukweni, kwa sababu ya chumvi. Chombo kiwe na matundu chini. Kopo la samli au la rangi lililooshwa vizuri linafaa, likitobolewa. Kipande hupandwa kwa kina cha kutosha kusimama tu, kisha hakipewi maji hadi wiki moja ipite.

Baada ya hapo jambo kubwa ni kujizuia. Jani la mkonge ni tangi la maji. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana na kupoteza maji kwa jua. Huu hufungua usiku, kunapokuwa na ubaridi, na mchana hujifunga. Ndiyo sababu huweza kukaa majuma bila kunywa. Tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukisikia unyevu wowote, usitie maji. Wakati wa joto mara moja kwa wiki mbili hutosha, na wakati wa mvua au baridi hata mwezi. Tongaren hupata mvua nyingi kuanzia Machi au Aprili hadi karibu na Oktoba, na udongo wake hushika maji, kwa hiyo shangazi huweka chungu chake chini ya upenu muda wote huo. Mwanga uwe mwingi, lakini jua kali la mchana lisiupige moja kwa moja. Kwenye kivuli kizito hautakufa, ila hautakua.

Na mwenye kutaka wingi bila kujali pindo, majani yapo. Likate jani vipande vya upana wa vidole vinne, ukikumbuka upande uliokuwa chini, kwa sababu kipande kilichopinduliwa hakitoi mizizi. Shangazi hukata upande wa chini kwa mshazari na wa juu sawasawa, ili asikosee. Vikauke siku tatu, kisha vichomeke mchangani. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja au miwili, na mwana huonekana baada ya miezi kadhaa. Tahadhari moja kwa wenye watoto wachanga na paka: majani haya yakitafunwa huleta kichefuchefu na kutapika. Yawekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Siku ya nne, kabla sijaondoka, yule jirani mzee alikuja kuniaga. Alinionyesha nyumbani kwake, ng'ambo ya mpaka, safu ya mikonge ya kijani aliyopewa na shangazi, imezuia udongo wa njia usichukuliwe na mvua. Alisema mvua kubwa zikija njia za wengine huwa makorongo, yake imebaki njia. Nilimtazama shangazi. Kwa miaka yote ile aliihesabu mikonge ile kuwa kushindwa kwake, kumbe nusu ya kijiji hupita juu ya kazi yake bila kuchafua miguu.

Vipande vitatu viligawanywa hivi. Cha kwanza kilibaki Tongaren, katika chungu kipya. Cha pili shangazi alimpa mjukuu wake, yule msomaji wa Suratul-Fatiha, na akamwambia ni chake, si cha nyumba. Cha tatu nilikipakata miguuni mwangu toka Kitale hadi Mombasa, kimefungwa katika leso kuukuu. Kikapu changu kilijaa mahindi, wimbi na asali, na shangazi hakutaka chochote badala yake. Aliniambia tu nimsalimie kaka yake.

Baba alikuwa mlangoni nilipofika. Hakuuliza habari za mkonge. Aliuliza kama dada yake bado anacheka kwa kufunika mdomo. Nilimwambia ndiyo, akaingia ndani kumpigia simu, na walizungumza hadi adhana ya magharibi. Idi iliyofuata, yule aliyesema maneno yale alimpigia shangazi mwenyewe, mbele yetu sote, akamtaka radhi.

Kile kipande nilikiweka chini ya ngazi, mahali pale pale, lakini mbali na nanaa. Mikonge yangu ya kijani, wana wa yale majani matano, sikuitupa. Imesimama pande mbili za mlango wa nje. Kwa miezi mitano kipande hakikuonyesha dalili yoyote, nami kila Alhamisi nilikipangusa vumbi na kujizuia kukimwagia maji. Wiki iliyopita chipukizi lilitokeza, limekunjika kama kalamu. Ncha yake ilipoanza kufunguka, pembeni palikuwa na manjano.

Nilimpigia simu shangazi kumpa habari. Akashukuru, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na maji umelitia mara ngapi?”